Mnyuzi: Njia panda ya reli ambayo mashabiki wa soka wanaihitaji

SIMBA au Yanga wakija Mkwakwani, barabara ya Chalinze hadi Segera hubadilika rangi. Kosta zinapishana, bendera nje ya madirisha, nyimbo mwanzo mwisho. Agosti 13, 2023 kulikuwa na Ngao ya Jamii pale Tanga. Dakika 90 hakuna bao, Simba wakambwaga mtani kwa penalti. Baada ya hapo, usiku ule ule, safari ya kilomita 350 hivi kurudi Dar es Salaam.

Sasa sikia hii. Si mbali na Segera, upande wa Korogwe, chini ya milima ya Usambara, kuna mahali panaitwa Mnyuzi. Hapo ndipo reli kutoka Dar inapoingia kwenye reli ya Tanga. Ukikunja kulia, unakwenda Tanga. Ukikunja kushoto, unakwenda Korogwe, Moshi hadi Arusha.

Njia ya mkonge

Wajerumani walianza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoletwa nchini. Kampuni iliishiwa pesa ikiwa imefika Muheza, serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902. Reli haikupanda Usambara, ilipita miguuni mwa milima, katikati ya mashamba ya mkonge.

Kwa miaka mingi reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikukutana popote ndani ya nchi yetu. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, ndipo Ruvu ikaunganishwa na Mnyuzi.

Njia hubadilisha kazi, na watu wa michezo wanalijua hilo. Kule Italia kuna Stelvio, njia ya mlimani yenye urefu wa mita 2,757 kutoka usawa wa bahari. Waaustria waliijenga kati ya mwaka 1820 na 1825 kwa ajili ya kuendeshea himaya yao. Himaya imekufa, njia ipo. Tangu Fausto Coppi alipowaacha wenzake pale mwaka 1953, dunia inaijua kwa mbio za baiskeli.

Wagosi nao

Reli yetu nayo ilishasinzia ikaamka. Treni ya abiria ya Dar ilirudi Moshi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Ila bwana, ikifika njia panda inakunja kushoto. Tanga inabaki mgongoni.

Muulize shabiki wa Coastal Union. Julai 2022 Wagosi wa Kaya, mabingwa wa 1988, walicheza fainali ya Kombe la FA na Yanga pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Bonge la mechi: 3-3, Yanga wakashinda kwa penalti. Treni ya Arusha ilikuwa imesharudi, lakini mtu wa Tanga alilazimika kwanza aifuate Korogwe kwa gari.

Hapa hatuzungumzii starehe. Februari 2023, pale Magira Gereza, Korogwe, kosta iliyobeba waombolezaji iligongana na fuso, zaidi ya watu 15 wakapoteza maisha. Hawakuwa mashabiki, lakini barabara ni hiyo hiyo, na usiku ni ule ule ambao mashabiki wanarudi wamechoka, dereva naye kachoka.

Ni kweli treni ya reli hii ni ya taratibu, basi litaiacha mbali. Lakini shabiki akipanda jioni akalala humo humo, kesho yake yuko Mkwakwani na sauti yake nzima. Akirudi, hamwombei dereva asisinzie.

Klabu, Bodi ya Ligi na Shirika la Reli wakae meza moja. Waanze na mechi moja tu kubwa ya Tanga: behewa za mashabiki, nauli ya mtu wa kawaida, tawi la kutoka Mnyuzi kwenda Tanga likaguliwe kwanza. Reli ilishalazwa. Kilichobaki ni kukunja kulia.