JE, KIKUNDI KILIPIE MASOMO YA UKOCHA?

Tuseme kijana mmoja wa kikundi chenu amewaomba mmsaidie karo akasomee ukocha. Mtamjibu nini? Kabla hamjafungua sanduku la kikundi, tuelewane kwanza.

Kocha ni nani?

Hatumsemi yule wa mpira. Kocha huyu ni mtu anayemsaidia mwenzake kufikiri mpaka apate njia yake mwenyewe. Chukueni mama mwenye kibanda cha mboga ambacho hakikui. Mwalimu wa biashara atamwambia la kufanya. Kocha yeye atamwuliza: Mama, unataka kibanda kifike wapi? Umeshajaribu nini? Kuna njia gani nyingine? Wiki hii utaanza na lipi? Kisha ananyamaza, anasikiliza. Wiki ijayo anarudi kuuliza kama lilifanyika.

Si kazi rahisi. Wengi wetu tukiulizwa jambo tunakimbilia kutoa amri. Kuzuia ulimi ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Masomo ya mseto

Mseto mnaujua: mchele na choroko katika sufuria moja. Masomo haya ni hivyo hivyo. Sehemu moja mtu husoma kwa simu au kompyuta akiwa nyumbani, na nyingine hukutana ana kwa ana na walimu na wenzake. Faida ni kwamba haachi shamba wala kazi, na nauli hupungua. Lakini lazima anunue bando, na mtandao ukipotea somo limempita.

Tena kusoma peke yake hakutoshi. Hakuna aliyejua kukama ng'ombe kwa kusoma kitabu. Lazima azungumze na watu wa kweli, mwalimu akimsikiliza na kumsahihisha.

Kipimo ni kipi?

Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha. Kwa hivyo wengi hutumia kipimo cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Cheti chake cha kwanza, ACC, kinataka:

- masomo ya saa 60;
- saa 10 za kuongozwa na kocha mzoefu, kwa muda usiopungua miezi 3;
- saa 100 za kufanya ukocha, na 75 kati ya hizo awe amelipwa, hata kama malipo ni madogo;
- kupita mtihani.

Basi mkiambiwa mtu atakuwa kocha kamili kwa siku mbili, shikeni pesa zenu. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kuuliza

1. Masomo haya yanatambuliwa na nani? Msitosheke na karatasi ya matangazo, hakikisheni wenyewe.
2. Siku za ana kwa ana ni ngapi, na ni wapi?
3. Nani atamsikiliza akifanya mazoezi?
4. Ada ya mtihani imo ndani ya karo, au ni kando?
5. Akimaliza, nani atamlipa?

Hilo la mwisho ndilo zito. Kama kijana hana jibu, mwambieni alitafute kwanza.

Wakati mnangoja, jaribuni wenyewe bila gharama. Katika mkutano ujao kaeni wawili wawili, dakika 10: mmoja aulize na kusikiliza tu, bila kutoa ushauri. Mtaona mara moja nani ana kipaji hicho.