Programu ni Bure, Bando Si Bure

Mwalimu anayetaka kuacha kubeba mafurushi ya insha nyumbani na kuzisahihishia mtandaoni huanza kwa kuuliza bei ya programu, na hapo hakuna cha kulinganisha. Google Docs haimtozi mtu binafsi hata senti, na Word ya mtandaoni ya Microsoft vivyo hivyo. Gharama zimejificha kwingine. Shule nyingi za sekondari hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo hesabu hii inamhusu zaidi mkufunzi wa chuo, mhadhiri, na yule anayefundisha masomo ya ziada wakati wa likizo.

Tuanze na nafasi ya kuhifadhia. Akaunti ya kawaida ya Google ina GB 15, ya Microsoft GB 5. Kwa kutazama tu, Google ameshinda. Lakini GB hizo 15 zinagawanwa na barua pepe, picha na nyaraka, na tangu mwaka 2024 chelezo ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo inahesabiwa humohumo. Mwenye magrupu ya ukoo, ya kikoba na ya harusi tatu anaweza kuijaza bila kusahihisha insha hata moja. Ikijaa, barua pepe haziingii, na huwezi kufungua waraka mpya. Google watakuuzia nafasi zaidi. Marekani GB 100 ni dola 1.99 kwa mwezi. Usinunue. Fungua akaunti ya pili ya kazi tu, usiiunganishe na picha wala WhatsApp, na nyaraka za maandishi zitakaa humo miaka na miaka.

Zipo pia akaunti za taasisi. Ngazi ya kwanza ya Google Workspace for Education ni bure kwa shule na vyuo vinavyotambulika, na taasisi nzima hupewa TB 100 za kugawana. Microsoft wana ya kwao ya bure, iitwayo A1. Bure hiyo ina mikia: taasisi inahitaji anwani yake ya mtandao, kama zile za .ac.tz au .sc.ke, inayolipiwa kila mwaka, na inahitaji mtu wa kufungua akaunti, kurekebisha nywila zilizosahaulika na kuwaondoa waliohitimu. Chuo chenye kitengo cha TEHAMA hakitaona shida. Kwingineko kazi hiyo humwangukia mwalimu kijana aliyewahi kuonekana akiiwasha projekta bila kuomba msaada, na haimo kwenye mshahara wake.

Bando ndilo linalouma. Picha ya ukurasa mmoja wa daftari iliyopigwa kwa simu huwa na MB 2 hadi 4. Insha ya kurasa tatu iliyochapwa kwa kawaida haizidi KB 30. Chukua darasa la wanafunzi 40, kila mmoja atume picha tatu za MB 3: mwalimu anapakua MB 360 kwa zoezi moja. Kazi zilezile zikichapwa hazifiki MB 2. Tatizo ni kwamba kuchapa nako kuna bei yake. Asiye na kompyuta ataandika maneno 600 kwa kidole gumba, au ataenda steshenari kulipia kila ukurasa.

Kuna jambo jingine ambalo wakufunzi wengi hawalioni, kwa sababu wao wako kwenye Wi-Fi ya ofisi. Wanafunzi wengi hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii kwa kuwa ndicho nafuu. Kifurushi hicho kinafungua WhatsApp. Google Docs hakiifungui. Unapowatumia kiungo cha waraka, unawadai wanunue bando jingine.

Kwa darasa la namna hiyo napendekeza njia inayoonekana ya kizamani: mwanafunzi atume faili la Word kwa WhatsApp, mwalimu alisahihishe kwenye kompyuta kwa LibreOffice, ambayo ni bure kabisa, hufanya kazi bila mtandao, na huweza kunakiliwa kwenye flashi kutoka kwa mwenzako. Inaonyesha kila neno lililofutwa au kuongezwa, na ina sehemu ya maoni pembeni. Utakachopata taabu nacho ni mafaili 40 yote yakiitwa “insha mwisho kabisa”. Waagize mapema waanze jina la faili kwa namba ya usajili.

Chuo kikiwa na mtandao wa uhakika, Docs haina mpinzani kwangu, na sababu ni historia ya matoleo. Inakuonyesha insha ilivyokua, lini aya iliongezwa, na nani aliiandika kama ni kazi ya kikundi. Aya tano zilizotua kwa mpigo mmoja usiku wa manane zinastahili kuulizwa. Pia unaweza kuweka pendekezo mwanafunzi akiwa bado anaandika, wakati marekebisho yana faida kwake, kuliko kumrudishia kazi wiki tatu baadaye akiwa ameshaisahau. Word ya mtandaoni ina mengi ya hayo. Ichague kama chuo chako tayari kiko kwa Microsoft, si vinginevyo.

Saa zako nazo zihesabu. Kuchapa maoni ni kuzito kuliko kalamu nyekundu, ndiyo maana Google Classroom, inayofunguka hata kwa akaunti binafsi, ina hazina ya maoni: “toa mfano kuthibitisha hoja hii” unaiandika mara moja na kuichomeka popote.

Classroom pia humtolea kila mwanafunzi nakala yake ya waraka. Hilo lina uzito, kwa sababu waraka mmoja uliofunguliwa kwa yeyote mwenye kiungo unaanika maoni yako juu ya kila mwanafunzi mbele ya darasa zima, na Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Asiyetumia Classroom azime ruhusa hiyo ya kiungo kabla ya kuandika maoni ya kwanza.