Kutania na kudhihaki: lugha ya mashabiki wa vibonzo vya mashujaa

Anayetafuta neno utani katika kamusi huenda akaelekezwa kwenye mzaha. Akitafuta mzaha, akaelekezwa kwenye masihara au dhihaka. Mzunguko huo haumsumbui sana mtu aliyeyasikia maneno hayo nyumbani tangu utotoni. Endabash ni mahali pengine. Katika kata hiyo ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, watoto wengi huanza na Kiiraqw, kisha Kiswahili. Wilayani humo husemwa pia Kidatooga, na kando ya Ziwa Eyasi, Kihadza. Mwanafunzi wa namna hiyo huupokea uzito wa maneno darasani. Akiambiwa kwamba utani na dhihaka ni kitu kimoja, siku moja atamwandikia rafiki tusi huku akidhani amemchekesha.

Vibonzo vya mashujaa vinaidhihirisha vizuri tofauti hiyo. Mwaka 1976 kampuni mbili shindani za Marekani, DC na Marvel, ziliwakutanisha Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja. Mwaka 1978 Superman akapanda ulingoni kupigana na Muhammad Ali. Tangu hapo mashabiki hawaishi kubishana nani angemshinda nani, na kumcheka shujaa anayevaa chupi juu ya suruali. Hadithi ya aina hiyo yafaa kuitwa hadithi ya mseto. Neno mseto limetoka jikoni, kwenye wali uliopikwa pamoja na pojo, likaingia katika siasa kwa maana ya serikali ya vyama vilivyoungana bila kufutana. Ndivyo ilivyo hapa: Superman habadiliki kuwa mtu wa Marvel. (Karatu, ambako mahindi na maharage hupikwa makande, mwalimu anaweza kuanzia kwenye sufuria hilo.)

Je, mashabiki hao wanatania au wanadhihaki? Sarufi yenyewe inasaidia kujibu. Kitenzi tania huzaa taniana kwa wepesi, na nomino mtani humtaja mtu mwenye uhusiano na mwingine: mtani wangu, watani wetu. Dhihaka haina jina la uhusiano kama hilo. Mdhihaki yupo, lakini hakuna asemaye “mdhihaki wangu” kwa mapenzi. Utani una haki iliyokubaliwa na pande mbili, kama baina ya Wachaga na Wapare, au Wanyamwezi na Wazaramo, ambao wanaweza kusemana hata msibani pasipo mtu kukasirika. Simba na Yanga nao huitwa watani wa jadi, na hakuna mhariri ambaye angewaita “wadhihaki wa jadi”. Kwa hiyo shabiki wa Marvel anayemcheka shabiki wa DC anamtania, maadamu naye atachekwa kesho. Anayemcheka mtoto kwa sababu tu anasoma vibonzo anamdhihaki, kwani mtoto hana zamu yake.

Ugumu huja kwenye mwigo wa kuchekesha, yaani kazi inayoiga kazi nyingine ili kuicheka. Mwaka 1953 jarida la Mad lilimchora Superduperman, shujaa mwenye nguvu zote na akili kidogo. Wachoraji walikuwa wanatania. Wenye Superman walisikia dhihaka, wakatishia kwenda mahakamani. Mfasiri atakayemleta shujaa huyo katika Kiswahili hana haja ya kurundika viambishi vya Kiingereza, kwa sababu ngeli zetu zina kejeli yake. Shujaa yule ameruka ni taarifa ya kawaida. Lishujaa lile limeruka ni pandikizi la mtu, kubwa kupita kiasi, na msomaji ameanza kutabasamu. Kijishujaa kile kimeruka kinamwangusha kabisa. Umbo kishujaa lisitumike kama nomino hapa, maana limekwisha chukuliwa na kielezi: alipigana kishujaa ni sifa.

Zana hizo ni kali. Mhusika wa karatasi akiitwa kijishujaa haumii. Mwanafunzi mfupi akiitwa kijitu na mwenzake ameondolewa kwenye ngeli ya watu, na hapo utani haupo tena.

Wachoraji wa Afrika Mashariki mara nyingi wameubeba mzaha katika jina. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo mingi, ni mseto katika maneno mawili: Juha ni mjinga-mjanja wa masimulizi ya Kiarabu, na kalulu ni sungura katika Kichewa na Kibemba. Nchini Tanzania, jarida la Sani lilikuwa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, waliochorwa na Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986. Ndumilakuwili ni neno la kamusi, nyoka wa vichwa viwili na, kwa hiyo, mnafiki. Lodi Lofa ni jina lenye ukinzani: cheo cha bwana mkubwa wa Kiingereza kimebandikwa kwa mtu asiye na kazi wala senti. Ni mwigo wa kuchekesha wa cheo kizima. Hata hivyo jina hilo linabaki katika ngeli ya watu: Lodi Lofa amekopa tena, si limekopa.