Leithi Kuukuu na Kompyuta Katika Mwambao wa Kilifi

Kati ya Mtwapa na Kurawa kazi za kukereza chuma hazikauki. Pampu za mashamba ya chumvi ya Gongoni huliwa bushi na maji ya chumvi, mashua za Malindi hupinda shafti za rafadha zikigonga mwamba, na mashine za kuchakata katani kule Vipingo nazo zinachakaa. Mafundi wengi wa kazi hizi wanategemea leithi za mkono, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko wao. Fundi anaweza kuigeuza mashine kama hiyo iendeshwe kwa kompyuta palepale nyumbani, nami naona inafaa kufanywa, mradi ajue kompyuta haiponyi mashine mgonjwa.

Serikali ya Kenya ilipitia njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa 1990, na kutokana na mradi huo likazaliwa shirika la Numerical Machining Complex, Nairobi, lenye mashine za kuongozwa kwa tarakimu. Huo ulikuwa mtaji wa taifa. Fundi wa Kilifi ana leithi yake tu na akiba kidogo, kwa hiyo lazima aanze kwa kupima.

Abandike geji ya saa kwenye kibebeo cha kisu, azungushe gurudumu la mkono mbele, kisha alirudishe nyuma taratibu. Gurudumu litageuka huku mshale wa geji umetulia. Huo ndio ulegevu kati ya skrubu na nati yake, na kwenye mashine kuukuu unaweza kufika sehemu kadhaa za kumi za milimita. Mkono wa fundi umeuzoea. Siku zote hukisogeza kisu kutoka upande mmoja. Programu inaweza kuongeza kipimo cha kuufidia, lakini kisu kinapovutwa na chuma bado kitaruka ndani ya nafasi hiyo. Dawa ni skrubu ya gololi. Yenye hatua ya milimita 5, ikizungushwa na mota ya hatua 200 kwa mzunguko, husogeza kisu milimita 0.025 kwa kila hatua. Kwenye kipenyo cha kipande hiyo ni 0.05, kwa sababu kinachopungua upande mmoja kinapungua na wa pili.

Kisha zipo reli za kitanda. Huchakaa zaidi karibu na chaki inayoshika kipande, maana huko ndiko kazi nyingi hufanyika, na shafti ndefu hutoka nene upande mmoja. Ukifunga kompyuta juu ya reli hizo, itakutolea shafti mia zenye kosa lilelile. Fedha za kwanza ziende kwenye kusaga au kukwangua reli, ingawa hakuna mteja atakayeiona kazi hiyo.

Umeme nao una mambo yake. Nyumba nyingi zina fezi moja, na leithi nyingi kubwa zinataka tatu; kigeuzi cha masafa hutatua hilo na kuruhusu mwendo kubadilishwa bila kuhamisha mikanda. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta haijui tena kisu kiko wapi. Mashine isiwake yenyewe umeme unaporudi, na swichi ya dharura ikate umeme wa mota moja kwa moja bila kupitia programu. Hapo pana vidole vya mtu. Vifaa vya elektroniki vikae kwenye sanduku lililofungwa vizuri, kwa kuwa feni inayovuta hewa ya pwani huvuta chumvi pia.

Programu yenyewe si kikwazo. LinuxCNC, yenye asili yake katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Ila shafti moja ya kuchukua nafasi ya iliyopinda, fundi mzoefu ataikereza kwa mkono kabla mwenzake hajamaliza kuandika maagizo. Faida iko kwenye bushi sitini za kipimo kimoja.

Ndiyo maana karakana ndogo ningeishauri ianze na nusu ya safari: enkoda ya kusoma mzunguko wa spindeli, na mota moja kwenye skrubu ndefu inayovuta kibebeo. Leithi nyingi za Kiingereza zina skrubu ya inchi, na kukata meno ya skrubu ya milimita juu yake kunahitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi ni milimita 25.4. Gia hiyo mara nyingi imepotea. Enkoda na mota huifanya kazi yake: spindeli ikipunguza mwendo kwa kulemewa na ukataji, kibebeo nacho hupunguza, na kisu huingia kwenye mfereji uleule kila kinaporudi. Magurudumu ya mkono yanabaki, na mwanagenzi anaendelea kujifunzia hapohapo.