Binti Aliyevushwa Bahari kwa Sababu ya Nguo

Twapenda wasomaji wetu, hasa vijana, wazijue habari za Mary Wade, binti maskini wa London aliyefagia njia na kuomba. Januari 1789, akiwa na umri wa miaka kama 13, alihukumiwa kunyongwa kwa kumvua nguo mtoto wa miaka 8. Kweli aliyevuliwa alidhulumiwa. Lakini kitanzi kwa kanzu moja! Mwaka huo huo adhabu ikabadilishwa, akapakiwa katika merikebu Lady Juliana pamoja na wanawake wafungwa zaidi ya 200. Baada ya miezi kumi na zaidi baharini, Juni 1790, wakatia nanga Sydney. Mary hakurudi tena. Alifariki huko Australia mwaka 1859, akiacha kizazi kikubwa. Katika kizazi hicho ametoka Kevin Rudd, aliyeapishwa kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo mwaka 2007.