Zanzibar katika Walden: Sitiari ya Safari na Historia ya Biashara katika Fasihi ya Ulimbwende ya Marekani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kusoma kutajwa kwa Zanzibar katika Walden (1854), kitabu cha Henry David Thoreau. Yanadai kwamba jina hilo lisomwe pamoja na jina la Salem, linalotokea katika sura ya kwanza ya kitabu, na pamoja na neno la Kiswahili merikani. Usomaji huo unaonesha kwamba sitiari ya safari ya ndani, iliyo kiini cha utransendentali, imejengwa kwa msamiati wa biashara halisi ya baharini.

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Marekani ya miaka ya 1830 hadi 1860 kwa kawaida huwekwa chini ya ulimbwende. Istilahi hii imezoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, ingawa humtatiza mwanafunzi anayelijua neno mlimbwende kwa maana ya mtu mtanashati. Kihakiki, ulimbwende ni mkondo unaotukuza hisia, ubunifu, maumbile na nafsi ya mtu binafsi. Utransendentali ni tawi lake lililostawi Massachusetts. Miongoni mwa waasisi wake ni Ralph Waldo Emerson, aliyechapisha Nature mwaka 1836, na Margaret Fuller, mhariri wa kwanza wa jarida la The Dial. Msingi wake ni imani kwamba mtu anaweza kuufikia ukweli wa juu kwa utambuzi wa nafsi yake, bila kutegemea milango ya fahamu pekee wala mamlaka ya kanisa.

Kwa imani hiyo, safari yenye thamani kuu ni ya ndani. Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka: msomaji wa Kiswahili akisomeje kitabu ambamo Zanzibar imefanywa mfano wa mahali pasipo haja ya kwenda?

2.0 Kutoka Salem hadi Zanzibar

Thoreau alihamia kando ya bwawa la Walden, mjini Concord, tarehe 4 Julai 1845, akaishi huko miaka miwili na miezi miwili. Katika sura ya kwanza, inayohusu uchumi wa maisha, anazieleza shughuli zake kwa lugha ya mfanyabiashara. Anataja ofisi ndogo katika bandari mfano wa Salem kwa yule anayefanya biashara na China, kisha anaorodhesha majukumu ya mwenye meli: kusimamia shehena, kuandika barua, kufuatilia hali ya masoko. Orodha hiyo ni sitiari ya mtu anayeisimamia nafsi yake.

Katika sura ya mwisho sitiari inageuka. Thoreau anamhimiza msomaji avumbue bahari na mabara yaliyomo ndani yake, na kumwonya kuwa si jambo la maana kuizunguka dunia ili kuhesabu paka wa Zanzibar. Wafafanuzi wameuhusisha mzaha huu na kitabu cha mwanasayansi Charles Pickering, The Races of Man, ambacho kilitoa taarifa za paka wa kisiwani humo. Kwa mantiki hiyo, anayechekwa ni msafiri mkusanyaji wa taarifa ndogondogo, si Mzanzibari. Hata hivyo, mzaha haukamiliki bila jina la mahali panapodhaniwa kuwa mbali mno na maisha ya msomaji wa Massachusetts. Dhana hiyo ya umbali ndiyo inayostahili kuhojiwa.

3.0 Merikani kama ushahidi

Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Mwaka 1837 Richard Waters, mwenyeji wa Salem, alianza kazi ya ukonseli Zanzibar. Meli za Salem zilipeleka nguo za pamba, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo hiyo iliitwa merikani, na jina hilo limehifadhiwa katika kamusi zetu. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nathaniel Hawthorne, mwandishi mwingine wa enzi hiyo, alikuwa ofisa wa forodha Salem kati ya 1846 na 1849, na akaifanya forodha hiyo mada ya utangulizi wa The Scarlet Letter (1850).

Kwa hiyo Zanzibar haikuwa mbali kama mzaha unavyodokeza. Tena Thoreau mwenyewe, katika sura ileile inayotaja Salem, anavishutumu viwanda vya nguo kwa kutanguliza utajiri wa makampuni badala ya kumvika binadamu ipasavyo. Salem, nguo na Zanzibar vyote vimo kitabuni, ila havikuunganishwa.

4.0 Mipaka ya usomaji huu

Ieleweke kwamba muunganiko huo unafanywa na msomaji. Walden haitaji merikani. Aidha, haitakuwa haki kudai kwamba Thoreau alinyamazia utumwa. Mwezi Julai 1846 alilala gerezani usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, na mwaka 1854 alitoa hotuba kali iliyoitwa Slavery in Massachusetts. Anayemhukumu kwa sentensi moja ya mzaha anakosea sawa na anayeipita sentensi hiyo kana kwamba Zanzibar ni mlio tu wa kupendeza.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba, anapokutana na jina la mahali katika fasihi ya kilimbwende, mwanafunzi aulize maswali matatu kwa mpangilio: jina linafanya kazi gani katika sitiari? Lilimfikia mwandishi kwa njia gani? Lugha ya mahali hapo imehifadhi nini kuhusu uhusiano huo? Swali la tatu ndilo lisiloulizwa mara nyingi, na ndilo ambalo msomi wa Kiswahili ana nyenzo za kulijibu. Massachusetts iliandika jina la Zanzibar katika kitabu. Zanzibar nayo iliandika jina la Marekani katika nguo.