Miwani isiyo na waya: redio ilale lini?

Mtu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe akigeuza shingo, picha iliyo mbele yake inapaswa kugeuka naye ndani ya milisekunde 20 hivi. Ikichelewa zaidi, sikio la ndani huuambia ubongo jambo moja na macho huuambia jingine. Hapo ndipo kizunguzungu na kichefuchefu huanza, na wapo wanaovua kifaa siku hiyo wasikirudie tena.

Zamani kidogo kazi ya kuchora picha ilifanywa na kompyuta kubwa iliyounganishwa na miwani kwa kebo nene. Kebo ilipoondolewa, umeme wa ukutani nao uliondoka. Meta Quest 2, iliyoingia sokoni mwaka 2020, ilikuwa na betri ya takriban wati-saa 14 iliyodumu saa mbili hadi tatu. Gawanya mwenyewe: kamera, prosesa, skrini na redio, vyote kwa pamoja vinaishi kwa wati tano hadi saba. Betri kubwa zaidi ingelemea shingo, na prosesa inayofanya kazi kupita kiasi ingeuchoma uso. Apple walipotoa Vision Pro mwaka 2024 waliamua kuitoa betri nje kabisa. Ina gramu 353, na mvaaji huitia mfukoni huku waya ukipanda hadi kichwani. Chipu yao ya R1, inayofikisha picha za kamera machoni ndani ya milisekunde 12, ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini waya ule, kwa maoni yangu, ni ungamo.

Njia nyingine ni kuihamishia kazi ya kuchora kwenye kompyuta iliyo chumbani au seva iliyo mbali, kisha picha zije hewani kama video. Prosesa ya usoni hupumzika. Hata hivyo, video hiyo lazima ibanwe, irushwe, ipokewe na ifumuliwe, na kila hatua ina gharama yake ya muda. Redio inayozipokea picha hizo nayo huanza kula betri. Matangazo ya biashara huisifu redio kwa kasi, ilhali ugumu wenyewe uko kwenye ratiba yake ya kulala na kuamka.

Redio hutumia umeme hata isipopokea kitu, kwa sababu kutega sikio nako ni kazi. Ndiyo maana simu huilaza redio yake na kuiamsha kwa vipindi. Ujumbe wa maandishi ukichelewa kidogo hakuna atakayegundua. Miwani haina anasa hiyo. Wataalamu wa 3GPP, wanaoandaa viwango vya mitandao ya simu, walipochunguza suala hili katika Toleo la 17 walichukua mfano wa video ya fremu 60 kwa sekunde, yenye megabiti 30 au 45 kwa sekunde, wakaipa kila fremu milisekunde 10 tu za kuvuka hewani.

Sasa piga hesabu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake ni fremu moja kila milisekunde 16.67. Vipindi vya kulala katika viwango vya wakati huo vilihesabiwa kwa milisekunde kamili, kwa mfano 16, bila desimali. Ni kama mlinzi wa geti anayeamka kila baada ya dakika 16, huku gari likija kila baada ya dakika 16 na sekunde 40. Mwanzoni wanakutana. Baada ya fremu 12, yaani moja ya tano ya sekunde, fremu inafika milisekunde 8 baada ya redio kuamka. Redio ikiwa imesharudi kulala, fremu itangoja mwamko unaofuata, na sehemu kubwa ya zile milisekunde 10 itakuwa imekwisha. Ukiiacha redio macho muda wote, picha itafika kwa wakati lakini betri itakwisha mapema.

Toleo la 18, lililokamilishwa mwaka 2024, liliruhusu vipindi vinavyolingana na mwendo wa video. Unaweza kudhani mambo yameisha, lakini kubana fremu hakuchukui muda uleule kila mara. Katika mfano wa 3GPP, fremu inaweza kuwahi au kuchelewa kwa hadi milisekunde 4. Redio inayotaka kuwa na uhakika italazimika kukesha milisekunde 8 kati ya kila 16.67, karibu nusu ya muda wote. Kwa hiyo Toleo hilohilo liliongeza alama inayoujulisha mnara kwamba kifurushi cha mwisho cha data ya fremu kimepita, ili kifaa kilazwe papo hapo. Wi-Fi 6 nayo ina utaratibu wake wa kulaza redio: rauta na kifaa hupatana mapema saa ya kuamka.

Kuna ujanja mmoja unaookoa hali. Miwani haionyeshi fremu kama ilivyokuja. Kabla tu ya kuiwasha kwenye skrini, husoma upya mkao wa kichwa na kuisogeza picha ifuate. Kwa kugeuza shingo inatosha kabisa. Kwa mkono unaorusha mpira haisaidii sana, kwa kuwa mpira wenyewe ulichorwa na kompyuta ya mbali. Hapo umbali haudanganyi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, hata waya ungelazwa mstari mnyoofu, kwenda na kurudi ni takriban milisekunde 25, kabla ya mtu yeyote kuchora chochote.

Kwa anayetumia miwani hii nyumbani leo na kompyuta yake, ushauri wangu ni huu: unganisha kompyuta na rauta kwa kebo, weka rauta katika chumba unachochezea, na usikimbilie fremu 120 kwa sekunde pale 72 zinapokutosha. Na muuzaji akikutajia kasi ya Wi-Fi, muulize betri hudumu saa ngapi picha zikija hewani.